Jinsi ekseli ya nyuma ya gari la mbio za matope inavyofungwa

MBIO za matope ni mchezo uliokita mizizi Marekani na Kanada. Gari, aghalabu pikapu iliyofumuliwa na kuundwa upya, huelekezwa kwenye shimo refu au uwanja uliojaa tope, na dereva hujaribu kuvuka hadi upande wa pili. Anayekwama hupimiwa umbali alioenda. Wakivuka wengi, mshindi huamuliwa kwa saa.

Mbio zenyewe humalizika kwa sekunde chache tu. Maandalizi, hata hivyo, huchukua miezi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mahali ambapo mtazamaji hapaoni, yaani chini ya gari, baina ya chasisi na ekseli ya nyuma.

Wengi hudhani kwamba kinachoshinda ni injini. Ni kweli kwamba injini dhaifu haiendi popote katika tope la kufika magotini. Lakini nguvu zote za injini hulazimika kupitia tairi, kutoka tairi kuingia ekseli, na kutoka ekseli kuisukuma chasisi kupitia vyuma vichache vinavyounganisha viwili hivyo. Iwapo vyuma hivyo vimelegea au vimefungwa kwa pembe mbaya, nguvu huishia kulirusharusha gari badala ya kulipeleka mbele. Huvunja pia propela, ule mhimili mrefu unaopeleka mzunguko kwenye difu ya nyuma. Injini inayozunguka mara 7,000 kwa dakika, gia ikiwa ya moja kwa moja, huizungusha propela mara hizo hizo. Chuma cha namna hiyo kikikatika karibu na kiti cha dereva, suala la kushinda au kushindwa huwa limepitwa na wakati.

Viwanja navyo havifanani. Kuna vile bapa, ambako tope limesawazishwa na gari hufyatuka moja kwa moja. Kuna vile vya mashimo na vilima, ambako gari hupanda tuta, huruka na kutua ndani ya dimbwi kabla ya kupanda tena. Tofauti hii ndiyo huamua umbo la sehemu ya nyuma ya gari. Kwenye uwanja bapa, baadhi ya magari ya madaraja ya juu hufungwa ekseli ya nyuma kwenye chasisi bila springi yoyote, kwa kuwa hakuna tuta la kumeza. Likipelekwa kwenye uwanja wa vilima, gari kama hilo litamuumiza dereva mgongo kabla halijafika nusu ya njia.

Gari linaloelezwa hapa ni lile la katikati: pikapu yenye ekseli nzima nyuma, tairi ndefu, injini kubwa, na inayotarajiwa kuruka vilima viwili vitatu bila kuvunjika.

Msokoto wa ekseli

Pikapu nyingi za Marekani zilitoka kiwandani zikiwa na springi za bapa nyuma, zile za mabamba marefu ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kubanwa kwa yu-bolti. Pikapu za Chevrolet za 1973 hadi 1987 zenye kuvuta kwa magurudumu yote zilikuwa nazo mbele na nyuma. Msomaji wa Kenya anazijua vyema. Ndizo hubeba pikapu za miraa na malori ya mchanga, na ndizo ambazo mwenye gari humwomba fundi aziongezee bamba moja au mawili kabla ya msimu wa mavuno.

Uzuri wa springi ya bapa ni kwamba inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inabeba mzigo, na papo hapo inaishika ekseli isisogee mbele wala nyuma. Ubaya wake katika mbio za matope unatokana na kazi hiyo ya pili.

Tuchukue injini inayotoa nyutoni mita 600 za msokoto. Kwenye gia inayozidisha mara 2.5 na difu inayozidisha mara 4.5, msokoto unaofika kwenye ekseli ni nyutoni mita 6,750. Ni sawa na kuning'iniza karibu kilo 690 mwishoni mwa mtaimbo wa urefu wa mita moja. Hata zikigawanywa nusu kwa nusu na ekseli ya mbele, zinabaki karibu kilo 345. Tairi zinapoviringika kwenda mbele, ganda la ekseli hujaribu kujizungusha kwenda nyuma kwa nguvu hizo hizo, na pua ya difu huinuka juu. Cha kulizuia ni mabamba tu ya springi, ambayo yaliundwa kubeba magunia, si kupinga msokoto. Matokeo yake ni kwamba springi hujikunja ikafanana na herufi S.

Lau ingejikunja na kubaki hivyo, pengine hasara isingekuwa kubwa. Tatizo ni kwamba tope halina mshiko wa aina moja. Tairi huchimba, hugusa udongo mgumu ulio chini, hung'ata ghafla, kisha huteleza tena. Kila inapong'ata, springi hujikunja. Kila inapoteleza, springi hujikunjua kwa kishindo. Hali hiyo ikijirudia mara kadhaa kwa sekunde, ekseli nzima huanza kudundadunda. Mtazamaji huona sehemu ya nyuma ya gari ikitetemeka kama ngoma na hudhani ni mbwembwe za dereva. Fundi anajua kwamba muda si mrefu kitakatika kitu: krosi ya propela, meno ya difu au yu-bolti.

Kosa linalozidisha tatizo hili ni la kawaida mno. Mwenye gari anataka nafasi ya tairi ndefu, hivyo anaingiza kipande kinene cha chuma baina ya springi na ekseli ili kuinua gari. Ni njia rahisi na ya bei nafuu. Lakini kila sentimita ya kipande hicho huongeza urefu wa wenzo ambao ekseli hutumia kuikunja springi. Wengine hupanga vipande viwili, kimoja juu ya kingine. Gari la kwenda sokoni linaweza kuvumilia hayo kwa muda. Gari la mbio halipaswi kuruhusiwa kuingia uwanjani likiwa hivyo.

Dawa ya kwanza, na ambayo ingali nzuri kwa anayeanza, ni mkono wa kuzuia msokoto. Huo ni mkono mrefu wa bomba la chuma unaofungwa kwenye ganda la ekseli katika sehemu mbili, juu na chini, kisha ukanyooka mbele hadi kwenye chasisi. Ekseli ikitaka kujizungusha, inakuta lazima iinue mkono wote, na mkono unakataa. Mafundi huupa urefu unaokaribiana na ule wa propela.

Hapo mbele ndipo wengi hukosea. Mkono ukifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chasisi, ekseli inalazimishwa kusafiri katika tao mbili tofauti, moja ya springi na nyingine ya mkono. Kitakachosalimu amri ni kile kilicho dhaifu zaidi, na kwa kawaida ni pale palipochomelewa. Kwa hivyo ncha ya mbele hufungwa kwa kiungo cha kubembea, ambacho huiruhusu kwenda mbele na nyuma kidogo, huku kikiizuia kupanda na kushuka.

Wazo la kuipa ekseli mkono mrefu wa kupinga msokoto si geni Afrika Mashariki. Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mnamo 1963, 1966, 1967 na 1968, lilikuwa na propela iliyofichwa ndani ya bomba lililofungwa kwenye difu na kufika hadi nyuma ya giaboksi. Bomba hilo ndilo lililobeba msokoto, na springi zake za koili zikaachiwa kazi ya kubeba uzani tu. Katika mashindano ya 1968, mvua na tope viliruhusu magari saba pekee kumaliza, na 404 ndiyo iliyotangulia.

Kutoka bapa hadi mikono minne

Mabadiliko makubwa katika magari ya Marekani ya aina hii yalichochewa na jamaa wa karibu wa mbio za matope, yaani yale magari makubwa ya maonyesho yanayokanyaga magari mengine. Bigfoot, pikapu ya Ford F-250 ya 1974 iliyokuwa ya Bob Chandler wa jimbo la Missouri, ndiyo iliyoanzisha mchezo huo, na kwa miaka mingi magari ya aina yake yalitegemea springi za bapa. Mnamo 1989 Chandler alileta Bigfoot ya nane, iliyokuwa na chasisi ya mabomba matupu, mikono ya kuishika ekseli na shokomzoba za gesi ya naitrojeni. Wajenzi wengine walifuata mkondo huo.

Katika mpangilio wa mikono minne, kazi mbili za springi ya bapa hutenganishwa. Springi ya koili hubeba uzani. Mikono miwili ya chini na miwili ya juu huishika ekseli. Mikono ya chini ndiyo husukuma gari. Ya juu ndiyo huzuia ekseli isijizungushe.

Kipimo cha kwanza cha kuamua ni nafasi baina ya mkono wa juu na wa chini pale unapofungwa kwenye ekseli. Kanuni ya mkono ambayo wajenzi wengi huifuata ni robo ya kimo cha tairi. Tairi ya inchi 44, ambayo ni karibu sentimita 112, huhitaji nafasi ya sentimita 28. Sababu yake inaonekana katika hesabu ya awali. Msokoto wa nyutoni mita 6,750 ukigawanywa kwa nafasi hiyo huzaa nguvu inayolingana na uzani wa takriban tani mbili na nusu kwenye mikono ya juu, ikiwa mikono ya chini imefungwa karibu na usawa wa katikati ya gurudumu. Nafasi ikipunguzwa hadi sentimita 14, nguvu hupanda na kukaribia tani tano. Ndiyo maana mabano yaliyochomelewa juu ya difu hung'oka katika magari ambayo mjenzi alibana vipimo ili mikono isiguse sakafu.

Ekseli lazima pia ishikwe isiende kando. Njia ya kawaida ni kuitanua mikono ya juu ifanye umbo la pembetatu, ikikutana juu ya difu au ikitawanyika kutoka hapo. Ikiwa pembe hiyo ni nyembamba mno, ekseli huyumba kulia na kushoto. Penye tangi la mafuta au injini iliyosogezwa nyuma, na pembetatu haipati nafasi, hutumiwa fito moja ya kukingama kutoka chasisi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili. Fito hiyo huivuta ekseli kando kidogo inapopanda na kushuka, jambo lisilo na madhara makubwa ikiwa ni ndefu na imelala.

Gari kuchuchumaa

Dereva anapokanyaga mafuta, uzani huhamia nyuma na gari hutaka kuchuchumaa. Mikono ikipangwa vizuri, msukumo wa tairi wenyewe hupinga hali hiyo. Kiasi cha upinzani huo hupimwa kwa asilimia, na kinaweza kuhesabiwa kwa penseli na karatasi.

Gari huchorwa likitazamwa ubavuni. Mstari hupitishwa katika mkono wa juu na mwingine katika mkono wa chini, na yote miwili huendelezwa mbele hadi ikutane. Nukta ya makutano hayo haipo kwenye chuma chochote. Ni ya kubuni, lakini gari hutenda kana kwamba ekseli imefungwa hapo. Kisha mstari wa tatu huchorwa kutoka pale tairi ya nyuma inapogusa ardhi, ukapita katika makutano, ukaendelea hadi juu ya ekseli ya mbele. Kimo chake hapo hulinganishwa na kimo cha kitovu cha uzani wa gari.

Mfano: umbali baina ya ekseli mbili ni sentimita 300, na kitovu cha uzani kiko sentimita 100 juu ya ardhi. Iwapo makutano yako sentimita 150 mbele ya ekseli ya nyuma na sentimita 50 juu ya ardhi, mstari utafika juu ya ekseli ya mbele ukiwa na kimo cha sentimita 100. Hiyo ni asilimia 100, ikichukuliwa kwamba magurudumu ya nyuma pekee ndiyo yanayosukuma. Makutano yakishushwa hadi sentimita 40, kiwango huwa asilimia 80. Magurudumu ya mbele nayo yakivuta, kiwango hupungua kwa kadiri ya sehemu ya kazi inayofanywa na mbele. Mbele ikichukua nusu, ile 100 huwa 50. Jambo hili husahaulika sana na wanaonakili vipimo vya magari ya mbio za lami.

Kiwango cha juu mno kina mtego wake. Gari huinuka nyuma, tairi hukandamizwa ardhini kwa nguvu kwa nukta ya sekunde, na dereva huhisi kwamba amepata alichokitafuta. Kisha mwili wa gari ulioinuka hufika mwisho wa mwendo wake, uzani hutoka kwenye tairi, mshiko hupotea, na mdundo ule ule wa springi za bapa hurudi kupitia mlango mwingine. Kwenye uwanja wa vilima hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ekseli iliyoning'inia hewani hubadilisha pembe ya mikono na kusukuma kiwango juu wakati gari linatua huku mafuta yamekanyagwa. Aghalabu ni busara kuanza chini ya 100 na kupanda polepole. Kwa sababu hii mabano ya upande wa chasisi hutobolewa mashimo kadhaa, na mkono huhamishwa shimo moja kwa wakati, kisha gari hujaribiwa. Anayehamisha mikono miwili pamoja na kubadilisha springi siku hiyo hiyo hatajua ni kipi kilichomsaidia.

Mikono ya chini nayo hufungwa ikiwa karibu kulala sawa na ardhi. Ikiinuka sana kuelekea mbele, gari linapoinama upande mmoja gurudumu la upande huo husogea nyuma na la pili husogea mbele. Ekseli ya nyuma hujikuta inapiga kona bila kuombwa na dereva. Gari fupi lenye nguvu nyingi likifanya hivyo katikati ya tope, ni nadra kurudi katika mstari.

Kuunganisha kwa majaribio

Fundi mwangalifu hachomelei chochote kwa ukamilifu siku ya kwanza. Mabano hushikizwa kwa nukta chache za weldi, gari huwekwa kwenye vigingi katika kimo kinachokusudiwa, likiwa na tairi zile zile litakazokimbia nazo, na springi huachwa nje. Ekseli kisha huinuliwa kwa jeki hadi mwisho wa juu, hushushwa hadi mwisho wa chini, na huinamishwa upande mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna badala yake.

Katika zoezi hilo hutafutwa mambo kadhaa. Je, tairi inagusa bodi au bomba la kinga ekseli inapoinama? Je, mipira ya breki inavutika? Je, propela inabaki na meno ya kutosha ndani ya mkono wake wa kuteleza ekseli inaposhuka, na haifiki mwisho na kuisukuma transfa inapopanda? Je, krosi zinakwama? Kila jibu baya huweza kurekebishwa kwa tupa na grainda wakati huu. Baada ya weldi kamili, hurekebishwa kwa pesa.

Pembe ya pua ya difu huwekwa hapa pia. Propela yenye krosi moja kila upande huhitaji pua ya difu na mhimili wa transfa vielekee sambamba, la sivyo mzunguko hutetemeka. Lakini kwa kuwa pua huinuka injini inapovuta, huachwa imeshuka kidogo gari likiwa limesimama: digrii 1 au 2 kwa gari la mikono, na zaidi ya hapo kwa springi za bapa. Propela yenye krosi mbili upande wa transfa ina utaratibu wake. Kwa hiyo, pua ya difu huelekezwa moja kwa moja kwenye transfa, ikishushwa kidogo kwa sababu ile ile.

Springi na shokomzoba

Kuchagua springi kwa kukisia ni kupoteza fedha. Kila gurudumu la nyuma hupimwa kwa mizani, kisha hutolewa uzani wa vitu visivyobebwa na springi, yaani tairi, rimu, breki na sehemu yake ya ekseli. Tuseme kinachosalia ni kilo 400 kwa kila upande, na shokomzoba iliyozungushiwa springi ina mwendo wa sentimita 35. Ikitakiwa gari likisimama liwe limetumia asilimia 40 ya mwendo huo, yaani sentimita 14, springi inayohitajika ni ya karibu kilo 28.6 kwa kila sentimita, ikiwa shokomzoba imesimama wima na iko juu ya ekseli yenyewe.

Ikiinamishwa, nguvu yake hupungua upesi kuliko inavyodhaniwa. Kwa digrii 30 kutoka wima, springi hufanya kazi kwa asilimia 75 tu ya ukali wake. Kwa digrii 45, hubaki nusu. Magari mengi ambayo wenyewe hulalamika kwamba springi zimelegea hayana kasoro ya springi. Shokomzoba zimelazwa mno ili zienee chini ya bodi.

Tope lenyewe pia ni mzigo. Lita 100 za tope la maji huweza kupita kilo 170, na pikapu yenye sehemu ya nyuma wazi hukusanya kiasi hicho bila shida. Ndiyo maana wajenzi wengi huondoa sakafu ya nyuma au huitoboa.

Kuhusu shokomzoba, kubwa ni kutofautisha kazi yake ya kuzuia springi isibanwe haraka na ile ya kuizuia isirudi haraka. Ikizuia kurudi kupita kiasi, ekseli hushindwa kushuka kufuata shimo, na tairi huning'inia hewani ilhali injini inapiga kelele. Ikizuia kidogo mno, gari hutupwa juu baada ya kutua. Mafuta ndani yake hupata joto na kutoa povu, na shokomzoba yenye povu haizuii chochote. Gesi ya naitrojeni huwekwa ili kulizuia povu hilo. Kwa gari linalokimbia sekunde chache, joto si adui mkubwa. Adui ni kishindo cha kutua, ambacho huachiwa vizuizi vya mpira au vya mafuta vilivyofungwa kwenye chasisi, wala si mwili wa shokomzoba.

Kuna pia suala la gari kuinama upande mmoja. Katika injini nyingi za Marekani, mzunguko wa propela hulikandamiza gurudumu la nyuma la kushoto na kuliinua la kulia. Fito ya kupinga kuinama, inayounganisha pande mbili za ekseli kupitia chasisi, husawazisha hali hiyo.

Mikanda, pete na ukaguzi

Ekseli inayoning'inia hewani inahitaji kuzuiwa isishuke kupita kiasi. Kazi hiyo hupewa mikanda ya nailoni, na hufungwa ikiwa mifupi kuliko mwisho wa shokomzoba kwa makusudi, kwa sababu mkanda wa sentimita 30 huweza kuvutika kwa sentimita mbili na zaidi gari linaporuka. Mkanda mmoja katikati ya ekseli, juu ya difu, hulinda pia krosi za propela.

Propela huzungushiwa pete za chuma kinene zilizofungwa kwenye chasisi, moja karibu na kila ncha. Ikikatika mbele, ncha yake isipozuiwa huweza kuchoma ardhini na kulibiringisha gari, au kupasua sakafu na kumfikia dereva miguuni. Pete hizo ni rahisi kuliko takriban kila kipuri kingine kilichotajwa, na bado ndizo huahirishwa. Hali kadhalika ndoano ya kuvutia gari lililokwama hufungwa kwenye chasisi, kamwe si kwenye ekseli wala kwenye mabano ya mikono, kwa kuwa trekta linalovuta gari lililomezwa na tope huweza kung'oa kazi ya miezi kwa mvuto mmoja.

Baada ya mbio ya kwanza gari huoshwa kabla halijakaguliwa, kwani tope huficha nyufa. Rangi iliyopasuka pembeni mwa weldi ni dalili ya bano linalokunjika. Bushi iliyolika upande mmoja huonyesha mkono uliofungwa ukiwa umepinda. Alama inayong'aa kwenye fito ya shokomzoba hadi mwisho kabisa humaanisha kizuizi hakikufanya kazi. Bolti zote za mikono hukazwa upya, hata zile zilizokazwa asubuhi. Yu-bolti za springi za bapa, kwa magari ambayo bado yanazo, hukazwa baada ya kila mbio, na zikishavutika hazirudishwi, hununuliwa mpya.